Ukurasa wa Nne wa Programu ya Mama Ngigi

Mazishi mengi ya Thika huwa Ijumaa au Jumamosi, na kwa hiyo wafu wa mtaa wa Kiganjo huandikwa Jumanne na Jumatano, katika duka la Syokau Muthoka. Ni duka la kawaida la saiba: kompyuta tatu, mashine ya fotokopi, pazia la buluu kwa wanaotaka picha za kitambulisho. Watu huingia kujaziwa fomu za serikali na kuchapiwa barua za kuomba kazi. Lakini kinacholijulisha duka hilo ni programu za mazishi, zile za kurasa nane zenye picha ya marehemu mbele, wasifu wake katikati na ratiba ya ibada nyuma.

Syokau ana umri wa miaka arobaini na sita. Ni mwanamke mrefu asiyesema mengi, mzaliwa wa Ngoliba, mashariki mwa Thika, ambako baba yake alikuwa kibarua wa mananasi. Alifungua duka mwaka 2008. Tangu hapo ameandika wasifu wa zaidi ya watu elfu mbili, na makosa anayoyakubali ni mawili. La kwanza ni tarehe. La pili ni kumwandika shemeji mmoja kuwa marehemu ilhali alikuwa mzima, na shemeji huyo aliishi miaka sita zaidi, kila akipita dukani akimsalimu Syokau kwa jina la bintiye, "Mama Jackie, ni mimi yule marehemu wako."

Baada ya kosa hilo Syokau aliweka utaratibu ambao haujabadilika. Familia huulizwa maswali saba, ambayo ameyachapa na kuyabandika kwenye meza: kuzaliwa, wazazi, masomo, ndoa na watoto, kazi, imani, ugonjwa na kifo. Akishaandika, hutoa drafti, na mtu mmoja wa familia huweka sahihi chini ya kila ukurasa. Bila sahihi hakuna kuchapa.

Anajua kwamba wanaoweka sahihi hawasomi. Wanatazama picha. Wanahesabu wajukuu. Wanatafuta kama jina la mke wa pili limetangulia la wa kwanza, kwa sababu hapo ndipo vita hutokea. Maneno yenyewe, zile aya za katikati, wanamwachia yeye, kwa kuwa hajawahi kuwaangusha.

Programu ya mazishi, huku, haitupwi. Ina picha ya mtu, na kuitupa ni kama kumtupa mwenyewe. Nyumba yoyote ya Kiganjo ina kibunda chake, chini ya meza ya televisheni au ndani ya Biblia au nyuma ya vikombe vya wageni. Gazeti litafungiwa nyama kesho yake. Programu itakaa hadi wenye nyumba nao wapate zao.

Lugha ya programu hizo ina heshima yake. Mlevi huandikwa kwamba alipenda watu. Aliyeacha watoto na kupotelea Mombasa alisafiri sana kikazi. Mwanamke aliyewaendesha wakaza wana wake kama punda alikuwa na bidii na alipenda kuona wengine wakiwa na bidii. Na yule ambaye maisha yake yote aliwapima wenzake na kuwaona wamepungua, mtu wa kuhukumu, huandikwa kwamba alipenda ukweli. Katika miaka kumi na sita Syokau alikuwa ameandika "alipenda ukweli" mara nyingi kiasi kwamba kompyuta ilikuwa ikimalizia yenyewe. Kitenzi kuhukumu alikuwa amekitumia kwa marehemu mmoja tu, hakimu mstaafu.

Neno hilo halina makao mamoja. Kortini ni kazi ya mtu aliyeisomea. Vijana wa hosteli za Kahawa Wendani husema usinijaji, wakimaanisha acha kunitazama hivyo, na wanalisema wakicheka. Akina mama wa makanisa ya mawe hulitumia kwa Mungu peke yake. Wao, ukiwauliza, hawahukumu mtu. Wao hurekebisha.

Mwezi wa sita mwaka jana, Jumanne asubuhi, waliingia dukani mwanamume wa miaka hamsini na kitu na dada yake. Mwanamume alijitambulisha kuwa Ngigi. Dada aliitwa Tabby, akiishi Mugutha, upande wa Ruiru. Mama yao alikuwa amefia nyumbani kwa Tabby siku ya Jumamosi, akiwa na miaka sabini na minane. Waliweka bahasha ya picha mezani. Picha ya juu ilikuwa ya mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani, kidevu kimeinuka, akiitazama kamera kana kwamba imechelewa.

Syokau hakuhitaji kuulizia jina. Alikuwa Maggie Warigia, Mama Ngigi, mwenyekiti wa chama cha akina mama kwa miaka ishirini na miwili katika kanisa lililo mita mia tatu kutoka pale dukani. Walikuwa wamepishana barabarani miaka kumi na tisa bila kusalimiana.

Watoto wake hawakujua. Mwaka 2005 Ngigi alikuwa akifanya kazi Nakuru na Tabby alikuwa ameshaolewa Mugutha, na Mama Ngigi hakuwa mtu wa kurudi nyumbani kusimulia. Kwake yaliyokwisha kuamuliwa yalikuwa yamekwisha.

Syokau aliwauliza maswali yake saba kwa utaratibu. Walipofika kwenye imani, Ngigi alisema aandike kwamba mama alipenda ukweli na hakuogopa mtu. Tabby, aliyekuwa amemuuguza miezi minane, alisema kwa sauti ya chini kwamba mama alikuwa mgumu kidogo kwa watu. Kaka yake akamwangalia. Tabby akasema basi, andika alipenda ukweli.

"Kuna jambo lolote mngependa niongeze kuhusu kazi yake kanisani?" Syokau aliuliza.

"Wewe unajua hizi vitu kutuliko," Ngigi alisema. "Jaza vile unaona inafaa. Watu wote wanatuambia, nendeni kwa Mama Jackie, huyo hakosei."

Walipoondoka alifunga mlango nusu, jambo ambalo huwa halifanyi mchana, akakaa.

Mwaka 2004 Syokau alikuwa na miaka ishirini na mitano, mpiga chapa wa kanisa hilo. Alikuwa amechumbiwa na Kivuva, fundi wa kuchomelea milango, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya. Tangazo la ndoa yao lilikuwa limesomwa Jumapili mbili. Kabla ya la tatu, mtu aliona kwamba gauni la Syokau limeanza kumbana, na habari ikafika kwa Mama Ngigi kabla ya Syokau mwenyewe kumaliza kuhesabu miezi.

Adhabu ilikuwa ya kawaida, na bado ipo. Huitwa kuwekwa nyuma. Anayewekwa nyuma huketi benchi la mwisho, hashiriki meza ya Bwana, haimbi kwaya, na mtoto wake habatizwi mpaka mwenyewe arudishwe. Ili arudishwe husimama mbele ya kanisa na kusoma karatasi ya kutubu. Syokau aliijua karatasi hiyo vizuri. Alikuwa amewachapia wasichana wanne kabla yake, maneno yakiwa ya Mama Ngigi, na hakuwahi kufikiria sana alichokuwa anachapa. Hilo pia analikumbuka, na halimpunguzii hasira.

Kikao kilikuwa cha wazee sita wa kanisa na Mama Ngigi kwa niaba ya akina mama. Wazee hawakusema mengi. Mama Ngigi alisema kwamba chungu kilichopasuka hakirudishwi jikoni mpaka kila mtu aone ufa. Kivuva aliwekwa nyuma wiki tatu akarudishwa. Syokau alipewa karatasi yake, na ndani yake palikuwa na maneno haya: nilimshawishi kijana wa kanisa. Alisema atasoma yote isipokuwa hayo, kwa kuwa si kweli. Mama Ngigi alimjibu kwamba mtu aliyeanguka hachagui kamba ya kuvutwa nayo. Syokau hakusoma. Wakafunga ndoa kwa mkuu wa wilaya, mashahidi wawili, na yeye akabaki benchi la mwisho.

Mtoto alizaliwa tarehe 25 Oktoba, msichana, wakamwita Nzisa kwa jina la mama yake Kivuva. Machi mwaka uliofuata alishikwa na nimonia, na Jumanne tarehe nane akafa.

Akina mama wa chama walipata habari jioni hiyo. Baadhi yao walikubaliana kwenda kuimba asubuhi, kwa sababu kwa msiba wa mtoto watu huwa hawaulizani nani yuko nyuma. Alfajiri Mama Ngigi alipita nyumba kwa nyumba. Alisema mtoto hakubatizwa, mama yake yuko nyuma kwa kiburi chake mwenyewe, na chama hakiwezi kuimba kwenye nyumba iliyo chini ya adhabu. Hakuna aliyekwenda. Nzisa alizikwa kwenye makaburi ya umma na watu wanne: wazazi wake, kaka yake Kivuva, na jirani mmoja asiye wa kanisa lolote. Kivuva alianzisha wimbo. Ubeti wa kwanza ulimshinda.

Hapakuwa na programu. Mtoto wa umri huo huwa hachapiwi.

Wiki moja baadaye, kwenye foleni ya maziwa, Mama Ngigi aligeuka akamwona Syokau nyuma yake. Watu walikuwa wengi. Hakupaza sauti, wanaokumbuka wanasema alizungumza kwa upole, kama mtu anayetoa ushauri.

"Mungu amehukumu, mama," alisema. "Sasa tubu."

Syokau aliondoka kwenye foleni bila maziwa. Maneno hayo mawili ya kwanza aliyabeba kwa miaka kumi na tisa bila kuyaeleza mtu, hata binti yake Jackie, aliyezaliwa baadaye na ambaye kwa jina lake mtaa mzima humwita mama yake. Anasema hakuwahi kutamani Mama Ngigi afe. Alitamani aishi sana, na siku moja aulizwe.

Jumanne hiyo alirudi nyumbani akamwambia mumewe ni nani aliyekufa na ni nani atakayemwandika. Kivuva alikuwa anakula. Aliendelea kula kwa muda.

"Mama Jackie," alisema, "utapiganaje na mtu amelala?"

"Yeye alipigana na nani?"

Kivuva alisema tu kwamba kazi ya duka ndiyo inamsomesha Jackie, na kwamba jina zuri likivunjika hakuna fundi wa kulichomelea. Syokau alimwambia sentensi aliyokwisha kuiandika. Ilikuwa moja. Kivuva alinawa mikono, akasimama mlangoni akiwa amempa mgongo.

"Si miezi minne," alisema. "Miezi minne na siku kumi na moja."

Asubuhi Syokau alisahihisha.

Ukurasa wa nne wa programu ya Mama Ngigi unazungumzia imani. Unaeleza alivyookoka, alivyochaguliwa mwenyekiti, alivyoongoza uchangishaji wa jiko la kanisa, na kwamba alipenda ukweli. Kisha, katikati ya aya hiyohiyo, kwa herufi zilezile na ukubwa uleule, kuna hii: "Tarehe 9 Machi 2005 aliwazuia akina mama wa chama kumwimbia mtoto Nzisa Kivuva, wa miezi minne na siku kumi na moja, siku ya kuzikwa kwake, na baadaye akamwambia mama yake kwamba Mungu amehukumu." Aya inaendelea na safari yake ya kwenda Israeli.

Ngigi alikuja Jumatano saa nane kuweka sahihi. Alikuwa na simu sikioni, anaagiza hema. Aliona picha, akahesabu wajukuu, akauliza kwa nini jina la shangazi yake wa Mugutha liko chini ya la jirani. Syokau alilipandisha. Ngigi aliweka sahihi kurasa zote nane bila kukaa chini. Kwenye ukurasa wa nne Syokau aliweka kidole pembeni ya karatasi, karibu na aya yenyewe, akakiacha hapo.

"Soma huu, tafadhali," alisema.

"Niko sawa, Mama Jackie. Kama ni wewe umeandika, imeandikwa."

Akaweka sahihi, akatoka.

Aliyesoma alikuwa mwingine. Saa kumi na moja jioni aliingia Ngina, binti wa Tabby, mwanafunzi wa chuo anayeishi hosteli Kahawa Wendani, aliyechaguliwa kuusoma wasifu kanisani kwa sababu Kiswahili chake hakina kona. Alikuwa amesuka nywele ndefu za rangi ya zambarau. Alitaka kufanya mazoezi. Alipewa nakala ya drafti, akasimama mbele ya kaunta akaanza kusoma kwa sauti, vizuri, akipumua panapofaa, na Syokau akaendelea kupanga karatasi akimsikiliza.

Ukurasa wa nne ukamsimamisha.

"Aunty," alisema. "Hii sentensi nani alikupatia?"

"Hakuna. Nilikuwepo."

Ngina alisoma tena, safari hii bila sauti. Aliuliza kama mjomba ameiona. Syokau alimwonyesha sahihi.

"Hiyo ni kusaini. Mimi nauliza kuona." Alikaa kwenye kiti cha wateja. "Huyu mtoto ni wako."

"Ni wangu."

Msichana alifikiria. Halafu akasema kwamba shosho, yaani bibi yake, alimjaji hadi kitandani. Alikuwa anapumua kwa mashine, amebaki mifupa, na siku Ngina alipoenda kumwona Mugutha bibi alishusha ile barakoa ya hewa ili amwambie nywele zile ni za malaya, kisha akairudisha. Ngina alicheka alipolisimulia, na kicheko kikaisha kabla hajamaliza.

"Mum alifua hiyo mashuka miezi nane," alisema. "Hajawahi ambiwa asante. Aliambiwa hajui kukunja."

Syokau hakumshawishi. Alimwambia kwamba akifika hapo kanisani anaweza kuruka, watu hawatamlaumu. "Lakini karatasi haitaruka," alisema. "Na wakiuliza, jina la duka langu liko nyuma. Wewe umepewa tu usome."

"Wangapi watakuwa nayo?"

"Mia nne."

Ngina aliikunja nakala yake akaiweka kwenye mkoba. Mlangoni aligeuka. "Hapo kwa kumwimbia," alisema, "nipumue kabla ama baada?"

"Baada," Syokau alisema.

Ijumaa Syokau alivaa nguo ya kijivu akaenda kanisani. Kivuva alikataa, kisha akaja, akasimama nje kwenye hema pamoja na wanaume waliochelewa. Syokau aliingia ndani. Alikaa benchi la mwisho upande wa kushoto, ambalo sasa limepakwa vanishi. Msimamizi wa wageni alimwambia kuna nafasi mbele. Alisema anakaa vizuri.

Jeneza lilikuwa mbele, na nyuma yake akina mama wa chama, vitambaa vyeupe safu tatu. Wengi wa waliokuwemo chamani mwaka 2005 walikuwa safu ya kwanza kwa sababu ya umri.

Ngina alikuwa amefunga zile nywele za zambarau kwa leso nyeusi. Alisoma kuzaliwa, wazazi, masomo. Palipostahili watu waliitikia amina. Alisoma uchangishaji wa jiko, wakaitikia. Alisoma alipenda ukweli, wakaitikia kwa nguvu zaidi. Kisha akasoma tarehe, mwezi na mwaka, bila kubadili mwendo, akasoma aliwazuia akina mama wa chama kumwimbia, akapumua, akasoma jina la mtoto.

Sauti mbili tatu za nyuma ziliitikia amina kwa mazoea. Kisha pakatulia, na katika utulivu huo ukasikika mlio mmoja kanisa zima: karatasi, mamia ya karatasi, zikifunuliwa ukurasa wa nne.

Ngina alimaliza sentensi, akaenda Israeli, akaingia kwenye ugonjwa, akafika mwisho, akarudi mahali pake. Mama yake, Tabby, alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuinua, lakini Ngina alipoketi alimshika mkono. Ngigi aligeuka kutafuta nyuso, akaipata ya Syokau mbali kule nyuma. Syokau hakuangalia pembeni.

Baada ya wasifu ratiba ilisema akina mama wataimba. Walisimama. Hakuna aliyeanzisha. Mchungaji, mtu mgeni aliyehamishiwa hapo miaka miwili tu, alisubiri, akakohoa, akaanzisha mwenyewe, na akina mama wakafuata kwa sauti za watu wanaosoma. Waliimba nyimbo tatu kama ilivyopangwa. Syokau alizisikiliza zote tatu hadi mwisho. Kisha akatoka, kabla mwili haujatolewa kwenda kuzikwa.

Jumatatu asubuhi Ngigi alikuwa mlangoni kabla ya duka kufunguliwa. Alikuwa na programu mkononi, imekunjwa kwenye ule ukurasa. Alisema Syokau amemtia aibu mama yake mbele ya watu waliomheshimu, akiwa ndani ya sanduku, hana mdomo wa kujitetea. Alisema alimwamini. Syokau alifungua kufuli, akaingia, akawasha taa, akaitoa ile drafti yenye sahihi nane akaiweka kwenye kaunta.

"Nionyeshe neno moja hapo la uongo," alisema. "Nitachapa zote upya leo, na nitapita kila nyumba kuzibadilisha."

Ngigi alisoma. Ilikuwa mara ya kwanza anaisoma akiwa amekaa. Alisoma muda mrefu kuliko sentensi yenyewe.

Wikendi nzima alikuwa amejaribu kuzikusanya. Alikuwa ametuma bodaboda Kiganjo yote, na binamu zake Mugutha na Ruiru mjini. Walirudi na kumi na moja. Kila nyumba ilitoa jibu lilelile, kwa heshima: hii ina picha ya mama yako, tutairudishaje? Bibi mmoja alimwambia mwenye bodaboda kwamba kurudisha programu ni kumfukuza marehemu nyumbani kwake. Hata nyumbani kwake Ngigi, mke wake alikuwa ameiweka chini ya meza ya televisheni.

"Ungeniambia tu," alisema mwishowe. "Ningekuja na Tabby, tungekuomba msamaha."

"Ninyi hamkunikosea."

"Sasa umepata nini?"

Syokau alifikiria swali hilo, kwa sababu huyafikiria maswali. "Ameandikwa," alisema. Ngigi alidhani anamzungumzia mama yake.

Gharama ilikuja, kama Kivuva alivyosema. Jumapili iliyofuata kanisa lilitangaza kwamba programu za washiriki zitachapwa mjini. Wateja walipungua mpaka Syokau akafunika kompyuta moja kwa kitambaa. Familia zinazokuja sasa huleta mwalimu, wakati mwingine wawili, wanaokaa na drafti saa nzima wakisoma kila mstari kwa kidole. Zamani walimwamini, sasa wanamsoma. Mtaani wengine humwita mwenye roho ya nyoka. Kijana mmoja wa fotokopi za jirani alimwambia, "Mathee, hukujaji. Ulimmaliza." Hakucheka. Syokau akiulizwa kama anajuta husema hapana, na huulizwa mara chache kwa kuwa jibu lake halibadiliki.

Mwezi wa tisa ndipo walipoanza kuja wanawake wazee. Walikuja mmoja mmoja, saa za mchana zisizo na watu, na kwa visingizio: picha ya kitambulisho, fotokopi ya kadi ya hospitali. Wote walikuwa wa vitambaa vyeupe. Kila mmoja, kabla ya kuondoka, aliuliza kwa mzunguko kama inawezekana mtu akaandikiwa wasifu angali hai, ili watoto wasihangaike. Walichotaka kujua ni kile atakachowaandikia.

Syokau aliwaambia inawezekana. Lakini kwenye karatasi yake ya maswali saba alikuwa ameongeza la nane, na huliuliza kwa wanawake wa chama hicho tu.

Mama Mwas aliingia Jumatano moja, akiwa na miaka themanini na moja na fimbo ya alumini. Mwaka 2005 alikuwa katibu wa chama. Alikaa, akaweka fimbo kati ya magoti, akajibu kuzaliwa na wazazi na masomo, ambayo yalikuwa machache. Alitaja watoto saba na kusahau mmoja, akarudi kumchukua. Syokau alichapa bila kumwangalia. Walipomaliza la saba, Mama Mwas alishika fimbo ili asimame.

"Bado moja," Syokau alisema. "Tarehe tisa Machi, mwaka elfu mbili na tano, asubuhi. Ulikuwa wapi?"

Bibi alirudi kukaa. Mashine ya fotokopi ilikuwa imewashwa na ilikuwa inanguruma taratibu. Aliangalia mlango, kisha mikono yake.

"Mwanangu, si yeye ndiye alisema."

"Yeye nimeshamwandika. Nauliza wewe ulikuwa wapi."

Syokau alingoja, vidole juu ya kibodi.

"Nyumbani," bibi alisema. "Nilikuwa nimeshafunga kitambaa. Nilikuwa nimevaa mpaka viatu. Alisimama kwa geti akasema, na mimi nikavua."

Syokau aliandika hivyo, maneno yaleyale, nilikuwa nimevaa mpaka viatu, na mimi nikavua. Hakuongeza na hakupunguza. Akachapa ukurasa mmoja, akausogeza mbele ya bibi pamoja na kalamu, akamwekea kidole kwenye maneno hayo.

"Soma kwanza," alimwambia. "Kisha weka sahihi."